Maji Moto ya Rungwe na Hesabu za Nyufa

Mvua ya Tukuyu haihitaji kutangazwa. Kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 2,000, na mgeni aliyetoka Dodoma akafika hapa mwezi wa Machi huuliza siku ya tatu kama jua lipo. Sehemu ya maji hayo tunaiona ikienda zake: Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kwa kishindo hadi Ziwa Nyasa. Sehemu nyingine hunywewa na migomba, michai na miparachichi, kisha ikarudi angani. Inayobaki huzama ardhini, na ndiyo tutakayoifuata katika sura hii, kwa sababu huzama ikiwa baridi na baadhi yake huibuka ikiwa moto.

Huibukia wapi? Shuka kutoka Tukuyu kuelekea Kyela. Kando ya mpasuko mkubwa wa Mbaka utakutana na chemchemi za Kilambo, Kajala na Mampulo. Pale Kilambo maji hutoka na joto la nyuzi 60 hivi, na vipovu hupanda mchana kutwa na usiku kucha bila kukatika. Vipovu hivyo ni hewa ukaa. Hewa hiyo ni nyingi kiasi kwamba huko Ikama, upande wa mlima Kiejo, kampuni ya TOL Gases huivuna ardhini na kuiuza kwa matumizi ya viwandani, vikiwemo viwanda vya soda. Vipimo vya isotopu vinaonyesha kuwa maji ya chemchemi ni ya mvua, mvua ile ile inayolowesha nguo kwenye kamba. Hewa ukaa, kwa sehemu kubwa, imetoka chini kabisa, kwenye mawe yaliyoyeyuka. Vitu viwili vyenye asili mbili tofauti vimekutana mahali fulani gizani, vikapanda pamoja.

Yalizama upande gani, maji hayo? Yalishuka kina gani, yakakaa huko miaka mingapi, yakapanda kwa njia ipi? Hakuna atakayeufukua mlima ili aone. Wataalamu wa jotoardhi wanachofanya ni kuujenga mlima upya ndani ya kompyuta, kuumwagia mvua kwa juu, kuuwekea moto kwa chini, kisha kutazama kama chemchemi zitatokea pale pale zilipo, zikiwa na joto lile lile. Huu ndio uigaji wa kihesabu. Katika Rungwe kazi hiyo husimama au kuanguka kwa jambo moja: nyufa.

Msingi wa hesabu zenyewe ni wa zamani. Mwaka 1856 Henry Darcy, mhandisi aliyeujengea mji wa Dijon huko Ufaransa mfumo wa maji, alichapisha matokeo ya kupitisha maji kwenye bomba la wima lililojazwa mchanga. Aliona kuwa maji yanayopita huongezeka sawasawa na tofauti ya kimo cha maji kati ya juu na chini, na hupungua kadiri mchanga unavyorundikwa kuwa mrefu. Ukizidisha tofauti hiyo mara mbili, maji nayo huzidi mara mbili. Sheria hii rahisi inatumika hadi leo kwenye visima vya maji, mabwawa ya udongo na mafuta ya petroli.

Kwenye tabaka za juu za Rungwe inafaa sana. Wilaya hii imefunikwa na kazi ya volkano tatu, Ngozi, Rungwe na Kiejo. Takriban miaka 4,000 iliyopita mlima Rungwe ulilipuka na kumwaga kokoto nyepesi zenye vitundu juu ya nchi yote hii. Ukipita penye barabara iliyokatwa kwenye kilima utaziona zimejipanga kwa mkanda. Kiejo ilitoa lava hata karne mbili hivi zilizopita, jana tu kwa saa ya milima. Maji hupenya kwenye kokoto hizo kama Darcy alivyoeleza. Shida huanza yanapokutana na lava ngumu, na chini yake miamba mikongwe kabisa iliyokuwepo kabla ya volkano yoyote. Jiwe hilo zima, lisilo na ufa, halipitishi maji kwa kiasi cha kumfaa mtu. Inayopitisha ni mivunjiko yake, na Rungwe imevunjika hasa: matawi matatu ya Bonde la Ufa, yaani la Rukwa, la Usangu na la Nyasa, yanakutana jirani na Mbeya, kila moja likivuta upande wake.

Tutazame ufa mmoja kwa karibu. Uwe umenyooka, na kuta zake ziwe zimeachana kwa milimita 1. Ukipungua upana hadi nusu milimita, ungedhani maji nayo yatapungua nusu. Hapana. Yanabaki sehemu moja ya nane, kwa kuwa mtiririko ndani ya ufa hufuata upana uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe mara tatu. Kwa hesabu hiyo, ufa mmoja wa milimita 1 hupitisha maji sawa na nyufa 1,000 za sehemu ya kumi ya milimita. Weka ufa huo mmoja tu katika kila mita ya lava, na uwezo wa mwamba kupitisha maji unapanda mara mamilioni.

Ndiyo maana wachimbaji wa jotoardhi huumwa kichwa. Kisima kinaweza kushuka kilomita mbili kwenye mwamba wenye joto zuri na kisitoe kitu, ilhali jirani yake aliyeugusa ufa mpana ananguruma mvuke. Na ufa wenyewe hautulii. Maji moto hubeba silika na chokaa iliyoyeyuka. Yakipoa au yakipoteza hewa ukaa huacha ukoga kwenye kuta. Kule Songwe, upande wa pili wa jiji la Mbeya, chemchemi zimeacha miamba mizima ya chokaa juu ya ardhi. Ukoga wa robo milimita kila upande ndani ya ufa wetu wa milimita 1 umeshafuta sehemu saba kati ya nane za mtiririko.

Hata hivyo, ufa ukibeba maji, haubebi mali. Chukua kipande cha mwamba cha mita moja kila upande, chenye ufa wetu mmoja katikati. Nafasi yote ya ufa huo ni lita 1. Zinazobaki, lita 999, ni jiwe. Tuseme jiwe hilo lina vitundu vidogo vidogo vinavyochukua asilimia 10 ya ujazo wake: ndani yake mna karibu lita 100 za maji, yasiyoweza kwenda popote kwa haraka. Na joto? Karibu lote limo kwenye jiwe na maji yaliyonaswa humo. Ufa ni njia, na ghala ni jiwe. Ukiandika hesabu ya njia peke yake utatabiri kuwa kisima kitakauka mapema mno; ukichanganya njia na ghala ukapata wastani mmoja, utaahidi watu mvuke ambao hautafika kwa wakati.

Waliofungua fundo hili walikuwa wakitafuta mambo mengine. Mwaka 1960 Grigory Barenblatt na wenzake wawili, Zheltov na Kochina, katika Urusi ya Kisovyeti, walipendekeza kwamba kila nukta ya mwamba ihesabiwe mara mbili: iwe na kanieneo ya ufa na kanieneo ya jiwe, na kati ya hizo mbili pawe na kiwango cha kupeana maji. Miaka mitatu baadaye Warren na Root, Wamarekani waliokuwa wakishughulika na mafuta, walilipa wazo hilo umbo ambalo wahandisi wangeweza kulitumia kazini. Wazo ni kali, na ni rahisi kulipinga kwa macho tu: inawezekanaje mahali pamoja pawe na kanieneo mbili? Kwa kweli hawasemi ni mahali pamoja. Wanasema kisanduku cha hesabu ni kikubwa kuliko ufa, kwa hiyo lazima kiwe na vyumba viwili.

Kwa jotoardhi hata vyumba viwili havikutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Karsten Pruess na T. N. Narasimhan wa maabara ya Lawrence Berkeley, California, walikigawa chumba cha jiwe katika tabaka, moja ndani ya nyingine. Kwa nini? Anayechemsha viazi vya Isongole anajua. Ukivimwagia maji baridi, ganda hupoa papo hapo na ukidhani vimepoa utaungua ulimi, kwa sababu katikati ya kiazi bado kunafuka. Na kiazi kikubwa hukaa na joto lake muda mrefu kuliko vidogo vilivyokuwa nacho sufuriani. Jiwe lililozungukwa na nyufa liko vivyo hivyo. Huwezi kulipa joto moja. Uso wake una joto lake, na kila tabaka kuelekea katikati lina la kwake.

Ukubwa wa jiwe ndio unaoamua, na hapa tarakimu zina mengi ya kusema. Joto husafiri ndani ya mwamba taratibu sana, na muda wake hukua kwa kipeo cha pili cha umbali. Kuvuka mita 1 huchukua siku 12 hivi. Kuvuka mita 10 huchukua miaka mitatu na zaidi kidogo. Kuvuka mita 100 huchukua zaidi ya miaka 300. Sasa fikiria mtambo wa umeme unaorudisha maji yake yaliyopoa chini ya ardhi, jambo ambalo siku hizi ni la kawaida na la lazima. Nyufa zikiwa zimeachana kwa mita chache, maji yale yatapashwa njiani na mwamba utatoa akiba yake yote. Zikiwa zimeachana kwa mita 200, maji yatapita ufani yakiwa bado baridi, yatatokea kwenye kisima cha uzalishaji na kukiharibu, huku mamilioni ya tani za mwamba wa moto zikibaki pembeni bila kuguswa. Joto lipo, njia ipo, ila havionani.

Namna kompyuta inavyofanya kazi yenyewe nitaieleza kwa ufupi, maana ni ya subira kuliko ya maajabu. Mlima hukatwa visanduku, tuseme 10,000. Kila kisanduku hugawanywa kuwa ufa na tabaka nne za jiwe, na kila chumba huulizwa mambo matatu: kanieneo ni ngapi, joto ni kiasi gani, hewa ukaa ni kiasi gani. Hapo una vitu 150,000 visivyojulikana, na vyote lazima vikubaliane kwa pamoja kwamba hakuna maji yaliyopotea wala joto lililozuka bure. Kisha saa husogezwa mbele kidogo na kazi huanza upya. Linalotesa ni mchemko. Maji ya nyuzijoto 230 hubaki kimiminika kwa kanieneo ya baa 28 hivi, sawa na uzito wa maji yenye kina cha mita 300 na zaidi. Kanieneo ikishuka chini ya hapo, yanageuka mvuke na kuchukua nafasi karibu mara 60. Chumba kikivuka mpaka huo hesabu hurukaruka, na programu hulazimika kupunguza hatua kutoka mwezi hadi saa, pengine sekunde. Programu ya TOUGH2, aliyoiandika Pruess na kutolewa mwaka 1991, imekuwa mkongwe wa kazi hii duniani. Siku hizi ipo pia Waiwera, programu huria iliyotengenezwa New Zealand, ambayo mwanafunzi wa Mbeya anaweza kuipakua bila kulipa.

Jirani zetu wa Kenya walishapita njia hii. Olkaria, kando ya Ziwa Naivasha, ilianza kutoa umeme mwaka 1981 kwa mtambo wa megawati 15, na ilipofika 1985 ilikuwa na megawati 45. Wakati huo huo Gudmundur Bodvarsson, mzaliwa wa Iceland aliyefanya kazi Berkeley, pamoja na Pruess na wataalamu wengine akiwemo Mkenya, walijenga modeli ya Olkaria Mashariki kisima kwa kisima. Makala zao za 1987 zinafaa kusomwa na kila anayefikiria kuhusu jotoardhi ya Ngozi. Hawakuanza kwa kutabiri. Walianza kwa kuilazimisha modeli irudie yaliyokwisha kutokea: mtiririko wa kila kisima ulivyopungua, kanieneo ilivyoshuka, mvuke ulivyozidi maji. Walibadilisha upenyezaji wa mwamba hapa na pale hadi mistari ya kompyuta ikafuatana na vipimo vya kalamu. Baada ya hapo tu ndipo walipouliza yatakayotokea miaka 30 mbele, visima vikikaribiana au kutawanywa, maji yakirudishwa chini au yakiachwa. Mitambo ile iliishi kupita miaka hiyo 30, na mwaka 2014 Olkaria iliongezewa megawati 280 kwa mkupuo.

Rungwe haina historia hiyo ya uzalishaji ya kuitegemea. Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania, TGDC, ilianzishwa mwaka 2013 chini ya shirika la umeme, TANESCO. Kabla yake Wajerumani wa taasisi ya jiolojia ya BGR walipima eneo la Ngozi kwa kemia na kwa mawimbi ya umeme na sumaku. Makadirio ya kikemia yaliyofanywa baadaye yanaweka joto la hifadhi ya chini ya Ngozi kwenye nyuzi 230 hivi. Hilo ni joto la kuendesha mtambo wa mvuke bila wasiwasi. Ila Ngozi ni msiri. Ziwa lake limekaa ndani ya kreta yenye kingo za msitu, halina mto unaotoka, na kwenye miteremko ya nje huoni chemchemi ya kuchemka ya kukuonyesha pa kuchimba. Ilibidi watafiti wapande mashua. Mwaka 2019 walichapisha ushahidi wa matundu yanayotoa maji moto na gesi kwenye sakafu ya ziwa. Mpasuko upo, basi, na mlima umeuficha chini ya maji.

Hapo modeli ina kazi ya maana hata bila kisima. Wapo waliofikiri kwamba maji moto ya Ngozi husafiri chini kwa chini hadi yakatokea Songwe. Wengine wanaona ni mifumo miwili isiyohusiana. Mabishano ya namna hiyo hayaishi kwa maneno. Kompyuta itakuuliza: njia hiyo iwe na upenyezaji gani ili maji yafike, yatapoteza joto kiasi gani kwa kupita kwenye mwamba baridi, na chumvi zitachanganyika na mvua kwa kiwango gani? Pengine majibu yatataka mpasuko mpana kuliko wowote uliowahi kuonekana eneo hili. Hapo dhana imejieleza yenyewe.

Nina neno kuhusu zile picha za rangi, nyekundu chini, bluu juu, zinazoonyeshwa kwenye semina za uwekezaji. Zinapendeza, na zinadanganya wasiojua. Milima mitatu tofauti, yenye nyufa zilizopangwa kwa namna tatu, inaweza kutoa picha ile ile na chemchemi zile zile. Modeli moja yenye rangi haina thamani kama modeli 100 zilizopishana, zote zikikubaliana na vipimo, zikikwambia ni katika ngapi kati yake kisima kitapata mvuke. Mwekezaji hapendi jibu la namna hiyo. Ndilo lenye ukweli, na kisima kirefu kimoja hugharimu mamilioni ya dola.

Kiejo-Mbaka ni rahisi zaidi, kwa hiyo ningeanzia huko. Joto lake la chini linakadiriwa kufikia nyuzi 140 hivi, dogo kuliko la Ngozi, ila mpasuko unajulikana ulipo na chemchemi zimejipanga juu yake. Mwaka 2021 TGDC ilichimba huko visima vyembamba vya utafiti. Maji ya joto hilo hayatoshi kwa mtambo wa mvuke wa kawaida, lakini yanaweza kuchemsha kimiminika kingine chenye kuchemka upesi, na hicho kikazungusha tabo. Anayedhani ni ndoto asome habari za Kiabukwa huko Katanga, ambako mwaka 1952 Kongo iliendesha mtambo mdogo wa megawati 0.2 kwa maji ya nyuzi 91 tu. Maji yakishatoa umeme yanaweza kukausha chai, kakao na viazi kabla ya kurudishwa chini.

Kurudishwa chini wapi, hilo ndilo swali, na modeli ya Mbaka haitalijibu bila kulishwa vipimo ambavyo lazima vianze kabla pampu haijawashwa. Huko Wairakei, New Zealand, uzalishaji ulianza mwaka 1958, na gisa zilizokuwa kivutio cha watalii zikafa. Chemchemi ya Kilambo ina watu wanaooga humo. Mtiririko wake, joto lake na kloridi yake vikiandikwa kila mwezi kwa miaka miwili mitatu, modeli itakuwa na kitu cha kurudia, na wanakijiji watakuwa na karatasi ya kushika mkononi siku maji yakibadilika. Kazi hiyo inahitaji kipimajoto, ndoo yenye ujazo unaojulikana, saa na mtu anayelipwa kwenda kwa wakati.

Kisha lije jaribio la rangi. Humwagwa rangi ya fluoresini kwenye kisima cha kurudishia maji, kilo chache tu, na sampuli huchukuliwa kwenye visima vingine na kwenye chemchemi. Olkaria wamelifanya. Rangi ikionekana Kilambo baada ya siku tatu, ujue ufa ni mmoja, mpana, na mawe yaliyouzunguka ni makubwa. Kisima hicho kisipewe maji baridi hata tone. Ikichukua miezi sita, ikatokea hafifu, ikiwa imetawanyika Kilambo kidogo na Mampulo kidogo, basi maji yamepita kwenye nyufa nyingi nyembamba, yamegusa mwamba mwingi, na yanaweza kurudishwa hapo kwa miaka. Na rangi isipoonekana kabisa, mpasuko wa Mbaka una ukuta mahali fulani, na visanduku vya upande ule vyote itabidi vikatwe upya.